Mtani na Muhuri wa Kwale

Nyumbani kwa Siwema, kijijini Kurui, kazi ilianza kabla jua halijawa kali. Mwanakheri, binti yake, alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi. Siwema alikamua tui, akalichuja, akalitia katika sufuria kubwa. Kisha alikaa karibu na moto, mwiko mkononi. Mafuta ya nazi hayataki mtu mwenye haraka. Moto ukizidi, yanaungua. Moto ukipungua, hayajitengi.

Mafuta yale yalikuwa ya watoto wachanga. Kina mama wa Kurui, wa Kisarawe na hata wa Mlandizi waliwapaka watoto wao baada ya kuwaogesha. Walisema hakuna mafuta mengine yanayolainisha ngozi kama yale.

Kitwana, mume wa Siwema, ndiye aliyeanzisha biashara hiyo. Alikuwa fundi wa kuchonga. Alichonga muhuri wa mpingo wenye picha ya ndege kwale. Kila chupa ilizibwa kwa gunzi la hindi, na juu ya gunzi ilimiminwa nta. Nta ikiwa bado laini, Kitwana aligandamiza muhuri wake. Kwale akabaki pale, kifua mbele.

Siku zile Waingereza ndio waliotawala Tanganyika, na wanunuzi wengi hawakujua kusoma. Lakini kwale walimjua. Mama alimtuma mtoto gulioni akamwambia, "Lete ya kwale." Mtoto alipapasa nta kwa kidole, akalipa, akarudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Kisha Kitwana alishikwa na homa wakati wa masika, akafariki.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa msomaji asiyejua desturi za huku. Ukoo wa Kitwana ulikuwa na watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, nawe hukasiriki. Msibani ndiye anayefanya kazi nzito, na ndiye anayewachekesha wafiwa ili wasife kwa huzuni. Tena ana ruhusa ya kunyakua kitu cha marehemu. Hakatazwi. Baadaye wafiwa humkomboa kwa kumpa kuku au kitu kidogo, naye hurudisha alichochukua. Mimi naipenda desturi hii. Imewafuta machozi watu wengi.

Mtani mkubwa wa ukoo huo aliitwa Mashaka. Siku ya mazishi aliingia ndani, akautoa muhuri ukutani, akauvaa shingoni kama hirizi. Akacheza nao uani.

"Kitwana ameniachia urithi!" alipiga kelele. "Mke simtaki, ananuka nazi! Muhuri unanitosha!"

Watu walicheka na machozi yao. Hata Siwema alicheka, na kicheko kile kilimsaidia sana.

Arobaini ilifika. Kuku wa kumkomboa alikuwa tayari, amefungwa mguu. Mashaka hakutokea. Siwema alikuwa bado katika eda, hawezi kutoka. Alimwita Mwinyimadi, kaka mkubwa wa marehemu.

"Shemeji," alisema, "nenda kwa Mashaka utuletee muhuri. Sasa naziba chupa kwa nta tupu."

"Mtani hafuatwi, shemeji," Mwinyimadi alijibu. "Atakuja mwenyewe. Ukimfuata, utakuwa umemwita mwizi."

Siwema alitii. Hilo lilikuwa kosa, lakini nani angemlaumu? Ndivyo alivyolelewa.

Eda ilipokwisha, Siwema na Mwanakheri walibeba chupa zao zenye nta tupu wakaenda gulioni Mlandizi. Hawakuwa wamemaliza hata kutandika mkeka. Mwanamke mmoja aliwajia mbio, mtoto begani. Aliitwa Tatu. Alikuwa mnunuzi wao wa siku nyingi.

"Tazama!" Tatu alisema. Akaifunua kanga.

Mgongo wa mtoto ulijaa malengelenge. Mtoto alilia kwa sauti nyembamba, sauti ya mtu aliyechoka kulia.

"Mungu wangu! Amepatwa na nini?" Siwema aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Nimempaka mafuta yako!" Tatu alitoa chupa kikapuni. Gunzi lilikuwa bado na nta yake. Juu ya nta alikuwapo kwale.

Siwema aliifungua chupa akanusa. Mlikuwa na nazi kidogo, lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine. Alikuwa akiisikia harufu hiyo alipopita karibu na viwanda vya katani. Ilikuwa harufu ya mafuta machafu ya mashine.

"Haya si mafuta yangu, Tatu."

"Kwale huyu si wako?"

Kwale alikuwa wake. Kila mtu pale alijua.

Watu walijaa. Mtu mmoja alisema, "Mume amekufa, mke anatuua sisi." Mwingine alipiga teke mkeka, na chupa zikabingirika mavumbini. Mwanakheri alitaka kujibu. Mama yake alimshika mkono kwa nguvu.

"Usijibu. Okota, twende."

Waliondoka haraka, na maneno makali yakawafuata hadi barabarani. "Mama, wanatuita wauaji," Mwanakheri alisema. "Nani atanunua kwetu tena?" Swali hilo hilo lilikuwa likimla Siwema moyo.

Hawakwenda nyumbani. Walikwenda moja kwa moja kwa Mashaka. Walimkuta kibarazani. Nyuma yake zilipangwa chupa nyingi kuliko zote walizopata kuziona. Kando palikuwa na pipa jeusi, limefunikwa gunia.

"Karibuni, wanuka nazi!" Mashaka alisema akicheka.

"Sikuja kwa utani leo," Siwema alisema. "Nipe muhuri wangu. Kuku wako yuko nyumbani tangu arobaini."

"Kuku wa nini? Nilichukua mbele ya watu wote. Nani alinikataza?"

"Umemuunguza mtoto wa watu kwa jina la mume wangu!"

Mashaka aliacha kucheka. Aliinama mbele, akasema polepole.

"Sikiliza, mama Mwanakheri. Yuko tajiri mjini anayetaka mafuta ya kwale ayapeleke Unguja na Mombasa. Nimekwisha kuipeleka picha ya kwale kwenye ofisi ya Serikali. Ikiandikwa kwa jina langu, imekwisha. Siku hiyo ukimweka kwale kwenye chupa yako, mwizi ni wewe. Sasa nendeni mkakune nazi zenu."

Usiku ule Siwema hakula. Asubuhi alikwenda kwa jirani yake Mwinyijuma. Huyu alikuwa karani wa wakili mmoja Dar es Salaam, na kila mwisho wa juma alirudi Kurui. Alipenda kusema kwa madaha, na watu walimcheka kwa viatu vyake vinavyolia. Lakini mambo ya ofisi aliyajua.

Mwinyijuma alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alitikisa kichwa.

"Mashaka hasemi uongo. Nimeliona tangazo katika Gazeti la Serikali. Picha ya kwale, na jina lake chini. Nilidhani mmemuuzia."

"Kumuuzia? Kaka, sisi hatukujua kama kuna ofisi ya namna hiyo. Marehemu alikuwa akisema, chema chajiuza."

"Chema chajiuza, kweli. Lakini kwa jina la nani?" Mwinyijuma aliuliza. "Sikiliza, dada. Shamba lako lina mpaka. Jirani akilima ndani ya mpaka wako, utamshitaki. Na alama ya biashara ni mali kama shamba. Inamwambia mnunuzi: mafuta haya yametoka kwa fulani, yule yule unayemwamini. Serikali inalo daftari la alama. Anayeandikisha analindwa. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari."

"Mbona haraka hii yote sasa?"

"Kwa sababu Serikali inaiandika upya sheria ya alama. Ziko nchi nyingi zilizopatana kulindiana alama zao, na Tanganyika inataka kuingia katika mapatano hayo. Alama ya mtu wa ng'ambo italindwa hapa. Na alama ya hapa, mwenyewe ataweza kuomba ilindwe ng'ambo. Wafanyabiashara wamepata habari. Kila mwenye alama anakimbilia ofisini. Na wasio na alama wanakimbia na za wenzao."

Siwema alijifunika uso kwa upande wa kanga. "Basi nimekwisha."

"Bado. Tangazo lile hutolewa makusudi, ili mwenye haki aseme. Unaweza kuweka pingamizi. Lakini muda wake umekaribia mno kwisha. Ukipita nawe umenyamaza, Serikali itadhani umeridhika."

"Nitasemaje? Mimi sina karatasi hata moja."

"Una mafuta. Una watu. Onyesha kwamba mlimtumia kwale kabla ya Mashaka, na kwamba wanunuzi wakimwona kwale humjua Kitwana. Tafuta chupa ya zamani iliyozibwa na marehemu mwenyewe. Tafuta watu watakaotia dole gumba kwamba ni kweli. Mimi nitaandika."

Kabla Siwema hajaondoka, Mwinyimadi alifika. Habari zilikuwa zimemfikia. Alikataa hata kiti.

"Shemeji, nasikia unataka kumpeleka mtani Serikalini," alisema.

"Shikamoo, mzee," Mwinyijuma alisema.

"Marahaba. Wewe nyamaza kwanza, na viatu vyako." Mwinyimadi alimgeukia Siwema. "Tangu mababu, mtani hashitakiwi. Ukimshitaki, siku nikifa mimi nani atanichimbia kaburi? Nani ataniosha? Umefikiri hilo?"

"Nimemfikiri mtoto wa Tatu, shemeji. Nimefikiri jina la ndugu yako. Nisamehe. Nitakwenda."

Mwinyimadi aliondoka bila kuaga. Siwema alimwogopa na kumpenda, na jambo hilo lilimuumiza kuliko maneno ya gulioni.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Siwema alizunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walitia dole gumba mara moja. Wengine walimfungia mlango. Mwanakheri alipekua vyombo vyote, akaipata chupa moja nyuma ya mtungi, nta yake imepauka, kwale yumo. Wote wawili waliishika, wakalia.

Mwisho Siwema alikwenda kwa Tatu. Hakukaribishwa ndani.

"Sitii dole langu kwa mtu yeyote," Tatu alisema mlangoni. "Sijui nani mkweli. Lakini chukua chupa hii ya sumu. Waonyeshe hao wakubwa. Mimi sitaki kuiona tena."

Pingamizi lilifika ofisini likiwa limebakiza muda mdogo kabisa. Kisha waliitwa Dar es Salaam, Siwema upande mmoja na Mashaka upande wa pili. Siwema na binti yake walitembea mpaka Kisarawe, wakapanda lori lililobeba mkaa. Walifika mjini weusi mavazini, wakanawa bombani.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye joto. Nyuma ya meza alikaa Msajili wa alama, Mwingereza mwenye Kiswahili cha kujifunza. Mwinyijuma alisimama karibu na Siwema. Mlango ulifunguliwa. Mashaka aliingia kwa kanzu mpya. Nyuma yake aliingia Mwinyimadi.

"Shemeji amekuja kwa ajili yake," Siwema alinong'ona.

Ndivyo ilivyokuwa. Mashaka alimleta awe shahidi wake. Mwinyimadi alikubali kwa sababu moja tu. Mashaka alimwomba aseme alichokiona, na Mwinyimadi hakupata kusema uongo maishani mwake.

Kwanza alisema Siwema. Aliweka mezani chupa ya Kitwana, na kando yake ile ya Tatu. Alieleza jinsi muhuri ulivyochongwa na kutumiwa. Mwinyijuma alitoa karatasi za dole gumba. Msajili alizitazama zote. Kisha alimgeukia Mashaka.

"Mimi sikatai kwamba Kitwana alichonga," Mashaka alisema. "Lakini nilipewa. Kwetu mtani akichukua kitu msibani, hakatazwi. Huyu mzee ni kaka wa marehemu. Muulize."

Msajili alimuuliza Mwinyimadi, "Ulimwona akichukua muhuri?"

"Nilimwona."

"Kuna mtu aliyemkataza?"

"Hakuna."

"Baadaye, kuna mtu aliyekwenda kuudai?"

"Hakuna. Mimi ndiye niliyesema asifuatwe."

Mashaka alitabasamu. Msajili aliandika. Siwema alisikia kalamu ikikwaruza karatasi, akaona kila neno linaichukua nyumba yake. Mwanakheri alimshika kiuno.

"Bwana, naomba neno," Siwema alisema. "Shemeji naye anuse chupa ya pili."

Msajili alikubali. Mwinyimadi aliipokea chupa ya Tatu. Alimpapasa kwale kwa kidole. Akatoa gunzi, akanusa. Akanusa tena.

Mashaka alicheka. "Mwacheni mzee huyu! Pua yake imejaa ugoro, atajua nini? Huyo hata mavi ya mbuzi huyaita tende!"

Lilikuwa tusi zuri la utani. Msibani lingeangusha watu kwa kicheko. Chumbani mle hakuna aliyecheka.

Mwinyimadi aliiweka chupa mezani.

"Bwana Msajili," alisema, "mtu huyu ananitukana tangu tukiwa watoto. Ametukana mama yangu na baba yangu. Sikukasirika hata siku moja, kwa sababu ni mtani. Leo nimekasirika. Basi huu si utani."

Alimgeukia Mashaka.

"Ulichukua muhuri, nami niliona. Mtani huchukua ili akombolewe. Kuku wako alikaa kamba mguuni mpaka akataga na kuangua. Hukuja. Mtani anapochukua, tunacheka sote. Mtoto wa Tatu anacheka? Kitu kinachochukuliwa kwa utani kina mwenyewe, na mwenyewe ni nyumba ya Kitwana. Hiyo ndiyo desturi. Nimesema."

Msajili aliuliza maswali mengine machache. Aliuliza kwa nini mafuta ya chupa mbili si ya namna moja, na Mashaka hakuwa na jibu la maana. Kisha alitoa uamuzi wake. Ombi la Mashaka lilikataliwa. Kwale alikuwa akijulikana kama alama ya nyumba ya Kitwana kabla Mashaka hajaitumia, na kumwandikia mtu mwingine kungewadanganya wanunuzi. Mashaka aliamriwa aurudishe muhuri, na asiutumie tena. Siwema aliruhusiwa kuleta ombi lake kwa niaba ya warithi wa marehemu.

Nje, kwenye ngazi, Siwema alikaa chini akalia waziwazi. Mwinyimadi alisimama kando yake.

"Nilikuambia usimfuate," alisema. "Nilikosea, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo.

Jina la Siwema nalo lilitangazwa gazetini, na muda wa kupinga ukapita. Hakuna aliyepinga. Mwinyijuma alikuja Kurui na cheti, viatu vikilia njia nzima.

"Sasa yashike haya," alisema. "Cheti hiki kina mwisho wake, kabla hakijaisha nenda ukakiendeleze. Mtu akimtumia kwale wako, usingoje arobaini. Sema siku ile ile. Nawe usimwazime mtu muhuri, awe mtani, awe ndugu. Na siku ukitaka kuuza Unguja, tuulize kwanza jinsi ya kulinda alama huko."

"Na mafuta nayo cheti kinayalinda?" Mwanakheri aliuliza.

Mwinyijuma alicheka. "Hapana. Hiyo ni kazi ya mama yako na moto wake."

Siwema alilijua hilo kuliko yeye. Waliporudi gulioni Mlandizi, kwale alikuwa juu ya kila chupa, na hakuna aliyenunua. Watu walipita, wakatazama, wakaendelea na njia yao. Jua lilipanda. Siwema hakupiga kelele wala hakujitetea. Mwanakheri alimwonyesha kila aliyesimama kile cheti. Wengi hawakujua kusoma, na waliojua walisoma wakaondoka.

Mchana Tatu alifika, mtoto mgongoni. Malengelenge yalikuwa yamepona na kuacha mabaka. Alisimama mbele ya mkeka. Wanawake wengine walisogea.

"Nimesikia umeshinda," Tatu alisema.

"Nimepewa alama yangu. Bado sijashinda."

Siwema alifungua chupa. Alimimina mafuta kiganjani akajipaka usoni, shingoni, mikononi, mbele yao wote. Kisha akampa Tatu chupa anuse. Tatu alinusa kwa muda mrefu. Alimtelemsha mtoto, akamkumbatia kifuani kama anayeogopa kunyang'anywa.

"Mimi siwezi," alisema, na machozi yakamtoka. "Mkono wangu unakataa. Mpake wewe."

Akamnyooshea mtoto. Siwema alimlaza mapajani. Alipasha mafuta joto kati ya viganja vyake, akaanza mgongoni, polepole, juu ya yale mabaka. Wanawake walikuwa wamezunguka, wanangoja alie.

Mtoto alipiga miayo, akalala.

"Nipe ya kwale," alisema mwanamke mmoja nyuma ya Tatu.